Ramani na Mamlaka: Historia ya Mipango Miji ya Dar es Salaam na Nafasi ya Halmashauri, 1891–2007

1.0 Utangulizi

Jiji la Dar es Salaam liliandaliwa mipango kabambe mitatu katika kipindi cha miaka thelathini: wa mwaka 1949, wa 1968 na wa 1979. Ni miji michache ya Afrika Mashariki iliyochorwa kwa bidii kiasi hicho. Hata hivyo, kwa makadirio yanayotolewa mara nyingi, asilimia 70 au zaidi ya wakazi wake wanaishi katika maeneo ambayo hayakupimwa kabla ya kujengwa. Nyumba zilitangulia, barabara zikafuata pale zilipopata nafasi, na ramani ikaja mwisho. Hali hiyo ndiyo inayozua swali la makala haya: mpango wa matumizi ya ardhi unapata wapi nguvu ya kuuongoza mji wa kesho, na ni nani anayepaswa kuushika?

Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza huwalaumu wakazi kwamba hujenga bila kibali na hawaheshimu sheria. La pili hulaumu uchache wa wataalamu na fedha. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayaelezi kwa nini katika vipindi fulani mpango ulifuatwa na katika vingine ukapuuzwa, ilhali wakazi walikuwa walewale na umaskini ni uleule. Makala haya yanatetea hoja kwamba mpango ulikuwa na nguvu pale tu mambo matatu yalipokutana: kiwanja kilichopimwa mapema, fidia iliyomridhisha aliyekuwa na ardhi, na mamlaka ya karibu yenye uwezo wa kusimamia kile kilichochorwa. Mojawapo lilipokosekana, mipango ilifanywa na wengine, yaani wauzaji wa mashamba, mafundi ujenzi, wajumbe wa nyumba kumi na wakazi wenyewe.

2.0 Kanda za nyumba na kanda za watu, 1891–1945

Dar es Salaam ilianzishwa na Sayyid Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Baada ya kifo chake mwaka 1870 mji ulidorora, hadi Wajerumani walipohamishia hapo makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Mwaka huohuo walitoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji katika kanda tatu. Katika kanda ya kwanza zilitakiwa nyumba za mtindo wa Kizungu; katika ya pili majengo ya vifaa vya kudumu; na katika ya tatu ziliruhusiwa nyumba za udongo na makuti.

Kwa maneno yake kanuni hiyo ilipanga nyumba. Kwa matokeo yake ilipanga watu, kwa kuwa aliyeweza kujenga kwa mawe na saruji alijulikana kabla hajaomba kibali. Waingereza waliochukua utawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza walirithi mpangilio huo. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na jambo hilo liliwafanya wawe waangalifu kutaja rangi katika sheria za ujenzi. Wakaendelea kutaja aina ya nyumba. Katika lugha ya wakazi hapakuwa na haja ya uangalifu huo. Sehemu za mji ziliitwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila mmoja alifahamu mpaka ulipo.

Mpaka mmojawapo ulichorwa kwa uwazi wa ardhi yenyewe. Eneo la Mnazi Mmoja liliachwa bila nyumba kati ya mtaa wa biashara wa Wahindi na makazi ya Waafrika ya Kariakoo, kwa hoja ya afya na kinga dhidi ya maradhi. Kariakoo yenyewe, iliyopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, ilipangwa kwa mitaa iliyonyooka na viwanja vilivyolingana. Kila kiwanja kilitosha nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma.

Kariakoo inastahili kutazamwa kwa makini. Ilipangwa na utawala ambao haukumpa mkazi sauti yoyote, na haki ya kukaa juu ya kiwanja ilikuwa dhaifu. Pamoja na hayo mpangilio wake ulidumu, na hata leo, ghorofa zikiwa zimechukua nafasi ya nyumba za udongo, mitaa imebaki palepale. Sababu yake si upendo wa wakazi kwa serikali ya kikoloni. Sababu ni kwamba kiwanja kilitangulia nyumba, ukubwa wake ulilingana na nyumba ambayo watu walitaka na waliweza kuijenga, na upangaji wa vyumba ulimpatia mwenye nyumba kipato. Mpango ulioafikiana na maisha haukuhitaji askari kila siku.

3.0 Mpango Kabambe wa 1949

Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulikua kwa kasi. Mwaka 1949 Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa, na mwaka huohuo kampuni ya wahandisi ya Kiingereza, Sir Alexander Gibb and Partners, ikakamilisha mpango kabambe wa kwanza. Mpango huo uligawa makazi kwa msongamano. Msongamano mdogo ulikuwa wa Oyster Bay na fukwe za kaskazini. Wa kati ulikuwa wa Upanga. Mkubwa ulikuwa wa Ilala, Magomeni, Temeke na maeneo ya jirani. Kwa mara nyingine rangi haikuandikwa ilhali ilisomeka.

Mpango wa 1949 ulibeba pia wazo moja lenye manufaa. Ulipendekeza mabonde ya vijito na mito, likiwemo Bonde la Msimbazi, yaachwe wazi ili upepo wa bahari upenye hadi ndani ya mji. Njia hizo za upepo zilitumika kutenganisha makazi ya jamii mbalimbali, na kwa hiyo zilibeba dhambi ya zama zake. Lakini zilikuwa pia njia za maji. Aliyelinda bonde kwa ajili ya upepo alililinda kwa ajili ya mafuriko, hata kama hakukusudia.

Udhaifu mkubwa wa mpango huo ulikuwa mahali pengine. Ulitenga eneo la viwanda kando ya barabara ya Pugu, lakini nyumba za wafanyakazi wa viwanda hivyo hazikupewa nafasi ya kutosha karibu nao. Wafanyakazi wakajitafutia. Keko na Buguruni zilikua bila kupimwa kwa sababu ya wazi: mtu aliyelipwa mshahara mdogo hakumudu kulala mbali na kazi. Makazi yasiyopangwa ya Dar es Salaam hayakuzaliwa nje ya mpango. Yalizaliwa katika pengo lililoachwa na mpango wenyewe.

4.0 Uhuru, ardhi ya umma na Mpango Kabambe wa 1968

Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyejulikana pia kama mshairi na mtaalamu wa kanuni za ushairi wa Kiswahili, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam. Mwaka 1961 mji ulipewa hadhi ya jiji. Matumaini yalikuwa kwamba chombo kilichokuwa cha wachache kingekuwa cha wote.

Serikali huru ilichukua hatua mbili zilizougusa mpango wa jiji moja kwa moja. Ya kwanza ilihusu ardhi. Sheria ya mwaka 1963 ilifuta umiliki wa kudumu na kuugeuza kuwa upangaji chini ya serikali, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kumiliki kwa muda maalumu. Ardhi haikutambuliwa tena kuwa bidhaa; kilichotambuliwa kuwa na thamani ni jasho lililowekwa juu yake, yaani majengo na mazao. Hatua ya pili ilihusu nyumba. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa vibanda vya maeneo kama Magomeni na kujenga nyumba bora mahali pake. Kazi ilionekana kwa macho, lakini hesabu yake ilikuwa ngumu. Nyumba moja ilibomolewa ili nyingine ijengwe, na idadi ya vyumba haikuongezeka kwa kiasi cha kulingana na wahamiaji. Kufikia mwisho wa muongo huo utaratibu huo uliachwa.

Wakati huo sensa ya 1957 ilikuwa imeonyesha wakazi 128,742, na ile ya 1967 wakazi 272,821. Katika miaka kumi idadi ilikuwa imezidi mara mbili. Mpango Kabambe wa 1968, ulioandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulijaribu kuikabili kasi hiyo. Ulikusudia kuondoa mgawanyo wa kikoloni na kuupanga mji katika vitongoji vinavyojitosheleza, kila kimoja kikiwa na shule, soko na zahanati. Kwa shabaha yake ulikuwa mpango wa haki zaidi kuliko uliotangulia. Kwa chombo cha kuutekeleza ulikuwa na bahati mbaya, kama sehemu ifuatayo inavyoonyesha.

5.0 Jiji bila halmashauri, 1972–1978

Mwaka 1972 serikali ilianzisha sera ya madaraka mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na muda mfupi baadaye halmashauri za miji zikafuata. Shughuli zao zilikabidhiwa kwa watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuwasogezea wananchi maamuzi. Kwa upande wa miji, matokeo yalikuwa kuondoa chombo pekee kilichowajibika kwa mifereji, taka, barabara za mitaa na vibali vya ujenzi. Mpango wa 1968 ulibaki na ramani yake, lakini ulikosa mwenye nyumba.

Ndani ya kipindi hichohicho ulifanyika uamuzi wa busara. Mwaka 1972 serikali iliachana na sera ya kubomoa makazi yasiyopangwa na kukubali kuyaboresha. Kwa msaada wa Benki ya Dunia uliendeshwa mradi wa viwanja vyenye huduma katika maeneo kama Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, sambamba na uboreshaji wa Manzese. Katika Sinza mtindo wa Kariakoo ulirudi: kiwanja kilipimwa, barabara na maji vikatangulia, kisha mwananchi akajenga kwa kasi ya mfuko wake. Viwanja vingi viliishia mikononi mwa wenye kipato cha kati kuliko maskini waliolengwa, na hiyo ni kasoro isiyofichika. Lakini mitaa ya Sinza ilibaki kuwa mitaa, na gari la wagonjwa linaweza kufika mlangoni.

Mradi ulitegemea fedha za nje na wizara. Ulipomalizika katika miaka ya 1980 hapakuwa na mkono wa kuuendeleza. Hali ya usafi wa miji nayo ilikuwa imezorota, na mlipuko wa kipindupindu wa miaka ya 1977 na 1978 ulifichua gharama ya kuondoa halmashauri. Mwaka 1978 halmashauri za miji zilirudishwa kwa sheria ya mpito, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 ikaziweka upya kikamilifu.

6.0 Mpango Kabambe wa 1979 na mipaka yake

Halmashauri iliyorudi ilikuta mpango mwingine umekwisha kuandaliwa. Mpango Kabambe wa 1979, kazi ya kampuni ya Kanada ya Marshall Macklin Monaghan, uliichora Dar es Salaam kama jiji litakalopanuka kwa awamu, na ukayahesabu mabonde ya mito kuwa ardhi ya hatari isiyofaa kwa makazi. Kwa ubora wa ramani hakuna lililokosekana.

Vilivyokosekana vilikuwa vitatu. Kwanza, sheria iliyotumika bado ilikuwa ile ya mipango miji na vijiji ya mwaka 1956, ambayo iliweka uamuzi wa mwisho kwa waziri. Halmashauri ilikuwa mtekelezaji wa mpango usio wake. Pili, uchumi wa miaka ya 1980 haukuruhusu upimaji wa viwanja kwa kiasi kilichohitajika. Maombi yalirundikana na viwanja vilivyotolewa vilikuwa vichache. Tatu, mwenye shamba pembezoni mwa jiji alijua kwamba eneo lake likitwaliwa atalipwa mnazi na mwembe, wala si ardhi. Akiliuza kwa vipande kimyakimya, angepata zaidi. Akaliuza. Mjumbe wa nyumba kumi alishuhudia mauziano, karatasi ikatiwa sahihi, na mtaa mwingine ukazaliwa.

Mauziano hayo yasidharauliwe. Yalikuwa mfumo wenye kanuni zake: mashahidi, majirani waliothibitisha mipaka, na mamlaka ya karibu iliyotambulika. Kwa maneno mengine, raia walijitengenezea huduma ambayo serikali haikuweza kuitoa. Kilichokosekana katika mfumo huo ni mtu wa kusimamia masilahi ya wote: upana wa njia, uwanja wa shule, mkondo wa maji. Muuzaji na mnunuzi waliweza kukubaliana juu ya mpaka wa shamba, lakini hakuna kati yao aliyekuwa na sababu ya kuuza au kununua barabara.

7.0 Viwanja 20,000 na Sheria ya 2007

Miaka ya 1990 ilileta mtazamo mpya. Mwaka 1992 ulianzishwa Mradi wa Dar es Salaam Endelevu kwa ushirikiano na Umoja wa Mataifa, ukisisitiza mashauriano ya wadau badala ya ramani kuu moja. Katika eneo la Hanna Nassif wakazi walishiriki kwa kazi na michango kujenga mifereji na njia, na maji yaliyokuwa yakiingia majumbani yakapungua. Hata hivyo Halmashauri ya Jiji yenyewe ilikuwa dhaifu kiasi kwamba mwaka 1996 ilivunjwa na kuwekwa Tume ya Jiji. Mwaka 2000 ziliundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke.

Mabadiliko ya kimsingi yalitokana na Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyotambua kwamba ardhi ina thamani na kwamba fidia izingatie thamani hiyo. Juu ya msingi huo ulianzishwa mwaka 2002 mradi wa viwanja 20,000. Serikali ilitoa mtaji, wenye mashamba wakalipwa fidia, maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma na Buyuni yakapimwa, na wanunuzi wa viwanja wakalipa bei iliyorudisha gharama. Kwa mara ya kwanza tangu Sinza, upimaji ulitangulia ujenzi kwa kiwango kikubwa. Kasoro yake ilikuwa ileile ya Sinza, tena kwa ukali zaidi: bei iliyorudisha gharama haikumfaa mwenye kipato cha chini, na viwanja vingi vilikaa muda mrefu bila kujengwa huku huduma zikisubiriwa.

Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007 ilihitimisha safari ndefu ya kisheria. Iliifuta sheria ya 1956, ikaitaja halmashauri yenyewe kuwa mamlaka ya upangaji katika eneo lake, na ikaitaka iwasikilize wakazi kabla ya mpango kupitishwa. Wizara ilibaki na usimamizi na idhini, lakini kalamu ya kwanza sasa ilikuwa mkononi mwa halmashauri.

8.0 Bonde la Msimbazi kama kipimo

Uzito wa historia hii unaonekana vizuri zaidi katika Bonde la Msimbazi. Mpango wa 1949 uliliacha wazi kwa ajili ya upepo. Mpango wa 1979 uliliita ardhi ya hatari. Hakuna mwanamipango aliyependekeza watu wakae humo. Lakini bonde liko karibu na Kariakoo, karibu na kazi na soko, na kwa miaka mingi hakuna aliyempa maskini wa mjini kiwanja kingine kilichokuwa karibu kiasi hicho. Watu walijenga, wakalipa kodi, wakaunganishiwa umeme, wakapiga kura. Kila huduma waliyopewa ilikuwa ahadi isiyoandikwa kwamba wangeruhusiwa kubaki.

Desemba 2011 mvua kubwa zilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini. Baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji, mbali na shughuli zao. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba za mabondeni ziliwekewa alama nyekundu na nyingi zikabomolewa. Waliokuwa wamehama walirudi kwa sababu ya riziki. Waliobomolewa walidai kwamba serikali iliyowauzia umeme haiwezi kusema haikuwaona.

Dai hilo lina nguvu, na ndilo linaloonyesha ukomo wa ramani isiyo na msimamizi. Kulikataza bonde ni nusu ya mpango. Nusu ya pili ni kumwonyesha mtu mahali pengine anapoweza kuishi na kufanya kazi, na kufanya hivyo kabla hajaweka msingi wa nyumba. Nusu ya kwanza ilichorwa mara mbili. Nusu ya pili haikufanyika kwa kiasi kilichohitajika. Waliolipa gharama ya pengo hilo ni wale ambao hawakuwepo mezani wakati wa kuchora.

9.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba mafanikio ya mipango ya Dar es Salaam hayakufuata ubora wa ramani. Kariakoo ya kikoloni, Sinza ya miaka ya 1970 na Kibada ya miaka ya 2000 zilitokana na serikali zenye itikadi tofauti kabisa, lakini zina sifa moja: kiwanja kilitangulia nyumba. Keko, Manzese kabla ya kuboreshwa, na mitaa ya Bonde la Msimbazi nazo zina sifa moja: mahitaji yalijulikana, ardhi ilikuwepo, na mamlaka ilichelewa.

Sheria ya 2007 iliipa halmashauri mamlaka iliyokuwa ya waziri. Mamlaka hiyo haitoshi peke yake. Halmashauri isiyo na mfuko wa fidia italazimika kungoja mradi wa wizara au mkopo wa nje, kama ilivyokuwa zamani. Na halmashauri isiyo na maofisa katika mitaa itajua kuhusu nyumba mpya baada ya paa kuezekwa. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye leo anashuhudia mauziano mengi ya ardhi kuliko ofisi yoyote, hana wajibu ulio wazi katika upangaji. Kumpa ramani ya mtaa wake, pamoja na jukumu la kulinda njia na mikondo ya maji wakati wa mauziano, kungegharimu kidogo kuliko bomoabomoa moja.

Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa tena na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji, huku Mpango Kabambe wa 2016–2036 ukiwa ndio dira mpya. Vyombo vitaendelea kubadilika majina na mipaka. Lakini mji wa mwaka 2036 tayari unaanza kujengwa, katika mashamba ya Chanika, Mbopo na Kisarawe II, kwa karatasi za mauziano zinazotiwa sahihi mbele ya mashahidi. Halmashauri itakayofika huko ikiwa na kamba ya kupimia na fedha ya fidia ndiyo itakayoupanga. Itakayofika baadaye itakuta mji umekwisha kupangwa na wengine, na itabaki na kazi ya kuchagua nyumba zipi zibomolewe.